Gia ya ndani inachomoka? Anza na waya, habu iache kwanza

Huku kwetu Tanga baiskeli ndo usafiri wa kila mtu, mwalimu, mvuvi, mwanafunzi, mama anayepeleka vitumbua asubuhi, na siku hizi nyingi unazokutana nazo mtaani ni za mtumba kutoka Japani, zile za kikapu mbele, stendi ya miguu miwili, kufuli ya duara juu ya tairi la nyuma, na huko nyuma kuna habu nene, yaani kile kitovu cha tairi, imeandikwa Shimano Nexus au Inter-3, sproketi (lile duara la meno linaloshika cheni) unaiona moja tu lakini mkononi kuna gia tatu. Hizo ndo za gia ya ndani. Mimi nazipenda sana hizi habu, nimekuwa nikiwatengenezea ndugu na majirani kwa muda mrefu, na inaniuma kweli nikipita kijiweni nikakuta habu nzima kabisa iko kwenye ndoo ya vyuma chakavu eti kwa sababu "ilikuwa inachomoa gia".

Kuchomoka kwenyewe wengi mnakujua. Unakanyaga vizuri tu, ghafla pedeli inaenda bure, mguu unashuka na nguvu zote ulizoweka, afu inashika tena kwa kishindo. Ukiwa umekaa kwenye kiti unashtuka tu. Ukiwa umesimama kwenye pedeli unapanda kilima, au unavuka barabara na bajaji inakuja, hiyo ni ajali kabisa, unaangukia bomba la juu au unaanguka chini. Kwa hiyo tatizo hili lisizoeleke, watu wanasema "nimeshaizoea, nikifika pale nakanyaga taratibu", hapana, usiizoee. Kwanza ni hatari, pili kila inapochomoka vyuma vya ndani vinagongana kona kwa kona na zile kona zinalika, yaani kosa dogo la waya uliolegea unalilea wewe mwenyewe mpaka linakuwa ugonjwa wa habu kweli.

Ninachotaka kusema leo ni hiki: gia ikianza kuchomoka, habu ndo ya mwisho kushukiwa. Anza nje. Waya, kava la waya, nati za tairi, cheni na sproketi. Vitu vya bei ndogo, vinaonekana kwa macho, unavishika kwa mkono. Mafundi wengi wanaanza na habu kwa sababu hawajaizoea, akiona haina sproketi saba nyuma anaona ni mzigo, anakwambia imekufa.

Ili uelewe kwa nini waya una maneno mengi hivyo, lazima ujue ndani kunafanyika nini, na sio kitu kigumu. Nitaelezea kwa habu ya zamani ya Sturmey-Archer AW kwa sababu ndo mama wa hizi nyingi, kampuni ilianza 1902 pale Nottingham Uingereza na hiyo AW ya gia tatu ikatoka miaka ya 1930, na mpaka leo habu za jina hilo bado zinatengenezwa, ila sasa ni Taiwan. Ukibahatika kuwa na Raleigh ya mzee yenye gia, angalia ganda la habu, mara nyingi wamepiga AW na namba za mwezi na mwaka iliyotengenezwa. Mimi kuna mzee wa mtaani kwetu yake imepigwa 68 na bado anaenda nayo msikitini alfajiri.

Sasa ndani. Katikati kuna gia ndogo ya meno 20 ambayo ni sehemu ya ekseli, ile fimbo ya chuma inayopita katikati ya habu, haizunguki kabisa. Kuna gia nyingine ndogo nne zinaizunguka, zimekaa kwenye kibebeo chao, na nje ya zote kuna ringi kubwa yenye meno 60 kwa ndani. Ukiwa gia ya 2 nguvu inapita moja kwa moja, sproketi ikizunguka mara moja tairi nalo mara moja. Gia ya 3, nguvu inaingilia kwenye kile kibebeo cha gia nne na kutokea kwenye ringi, ringi inaenda kasi zaidi, tairi linazunguka mara moja na theluthi. Gia ya 1 ni kinyume chake, unaingilia kwenye ringi unatokea kwenye kibebeo, tairi linapata robo tatu tu ya mzunguko ndo maana inakuwa nyepesi kupanda. Hizi za Kijapani za Shimano wazo ni hilo hilo, namba zinatofautiana kidogo tu, ya 1 ni 0.733 na ya 3 ni 1.364.

Anayechagua njia ipi ifuatwe ni klachi ndogo inayoteleza kushoto na kulia juu ya ekseli, na anayeisukuma au kuivuta ni waya wako. Basi. Waya unavuta, klachi inasogea, milimita chache tu. Sasa fikiria waya umelegea milimita mbili, klachi inaishia njiani, imeshika kwa ncha tu, kona juu ya kona. Ukikanyaga taratibu inakubali, ukitia nguvu inateleza. Hiyo ndo kuchomoka kwa gia, na hapo hakuna chuma chochote kilichokufa.

Kwenye AW za zamani kuna jambo lingine ambalo linatisha watu, kati ya gia ya 2 na ya 3 kuna sehemu klachi haishiki popote, pedeli zinaenda bure kabisa kama cheni imekatika. Habu iliumbwa hivyo. Za miaka ya karibuni wamelitoa lile pengo. Lakini kwa zile za mzee, waya ukilegea kidogo tu ukiwa gia ya 2 unaangukia pengoni, na ndo maana mtu anakwambia "gia ya pili imekufa, ya kwanza na ya tatu nzima". Ukisikia maneno hayo kuhusu Raleigh ya zamani usipoteze muda, shika waya.

Kurekebisha AW ni hivi. Weka gia ya 2. Nenda upande wa kulia wa tairi la nyuma, nati ya kulia ina tundu ubavuni, chungulia humo. Utaona kijichuma kinachotoka ndani ya ekseli kimeungana na kamnyororo kadogo kembamba. Bega la kile kijichuma, yaani pale unene wake unapoanza, linatakiwa liwe sawa sawa na mwisho wa ekseli. Likiwa limezama ndani, kaza waya kwa kuzungusha ile ajasta, yaani kale ka kuzungusha ka kukazia waya, likiwa limetokeza, legeza. Ukimaliza kaza kinati chake kidogo ili ajasta isizunguke yenyewe njiani. Afu jaribu, gia ya 3 waya uwe umelegea kidogo, gia ya 1 uwe umevutika vizuri.

Kuna mambo mawili hapo yanasahaulika. La kwanza, kile kijichuma chenye mnyororo kinaingia kwa kuzungusha kama skrubu, kinatakiwa kiingie mpaka mwisho afu kirudishwe nyuma isizidi nusu mzunguko ili mnyororo uelekee ulipo waya. Fundi akiziba pancha anakirudisha kwa mizunguko miwili mitatu, anaona kimeshika, anafunga. Kimeshikwa na nyuzi mbili tu, vipimo vyote vimehama, na siku moja kinang'oka. La pili, waya wa AW unapita kwenye klipu iliyofungwa kwenye bomba la fremu, ile klipu ndo inazuia kava la waya. Skrubu yake ikilegea klipu inateleza nyuma, kuelekea kwenye habu, kidogo kidogo kila unapobadilisha gia, wewe unakaza ajasta leo, kesho imelegea tena, unadhani waya unarefuka. Ile Raleigh ya mzee ilikuwa na shida hiyo, ukiangalia rangi ya fremu uliona kabisa mkwaruzo mahali klipu ilipokuwa na mahali ilipo sasa. Tulikata kipande cha tyubu ya zamani tukazungushia bombani, tukairudisha klipu pale alama ilipo, tukakaza. Na kwa baiskeli za namna hiyo ukisogeza tairi mbele au nyuma ili kurekebisha cheni, umesogeza na kipimo cha gia, kwa hiyo kila ukigusa nati za tairi rudi kuangalia kwenye lile tundu.

Za Kijapani ni tofauti kidogo na hapa ndo penye kesi nyingi. Kulia mwa habu kuna kidude kimechomekwa mwisho wa ekseli, kinaitwa belikranki, waya na kava lake vinaishia humo humo. Ndani yake kuna pushirodi, kijiti chembamba cha chuma kinachoingia ndani ya ekseli na kusukuma klachi. Ili utoe tairi la nyuma lazima ulegeze kiskrubu cha belikranki uichomoe. Na hapo ndo pancha inapogeuka kuwa ugonjwa wa gia.

Kuna mama mmoja hapa Makorora anauza vitumbua, anazunguka navyo asubuhi na baiskeli yake nyekundu ya kikapu. Alitobokewa tairi, akaziba kijiweni, tangu siku hiyo gia ya 1 haipandi na ya 3 inachomoka. Akarudi kwa fundi, kijana akamwambia, "Mama hii habu imekwisha, hizi za Japani zikianza hivi ndo basi, tafuta habu ya kawaida nikufungie." Akanipitia jioni. Shikamoo, marahaba, akanisimamishia baiskeli hapo barazani akasema, "Mwanangu niangalizie, maana huyo ananiambia ninunue na rimu, hela yenyewe siioni."

Nikainama upande wa kulia. Kati ya belikranki na nati ya tairi kulikuwa na uwazi, ukucha wa kidole gumba unapita. Haitakiwi. Ile kitu inatakiwa isukumwe mpaka igote ndo kiskrubu kikazwe. Yule fundi alikuwa ameichomeka nusu akakaza, kwa hiyo pushirodi ilikuwa haifiki ndani inavyotakiwa, klachi inaishia njiani kila gia. Nikalegeza kiskrubu kwa bisibisi, nikaichomoa yote, pushirodi ikatoka nayo imeshika uchafu mweusi na kutu kidogo, nikaifuta na kitambaa, grisi kidogo sana, nikairudisha, nikasukuma belikranki mpaka ikagota, nikakaza. Kisha nikaweka gia kwenye 2. Kwenye belikranki kuna kadirisha, ndani kuna kistari cha njano, na kwenye dirisha kuna alama mbili. Kile kistari kikae katikati ya zile alama. Kilikuwa pembeni kidogo, nikazungusha ajasta mpaka kikakaa kati, nikazungusha gia 1, 3, nikarudi 2, nikazungusha pedeli, nikaangalia tena, kimetulia. Akapanda akaenda mpaka kwenye kona na kurudi anabadilisha gia zote, anacheka. Habu ile ile.

Sijasema hivi kumsema yule kijana, anafanya kazi kwenye jua kutwa na hakuna aliyemfundisha. Nilimwendea kesho yake nikamwonyesha dirisha lile, akasema, "Ah kaka, mimi nilijua hiyo ni urembo tu." Saivi akiziba pancha ya baiskeli za hivyo anaangalia kistari kabla hajamkabidhi mteja.

Kama kadirisha kamechafuka hukaoni kitu, futa kwa mswaki wa zamani na mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, usimwagie. Na angalia belikranki yenyewe kama haijapinda, hizi baiskeli zinasafiri zimebanana kwenye kontena na zingine zimelaliwa upande wa kulia, kile kidude ndo kinachotokeza kwa hiyo ndo kinachogongwa. Kikipinda pushirodi haisukumwi sawa. Na pushirodi zina urefu tofauti kulingana na ekseli, ukitoa ya baiskeli hii ukaweka kwenye ile unaweza kukaa siku nzima unakaza na kulegeza na gia hazikubali, kwa hiyo ikidondoka kijiweni itafute hiyo hiyo, usikubali uletewe nyingine ya kubahatisha.

Wale wenye ndugu Ulaya waliotumiwa zile za Shimano za gia 7 au 8 za ndani, za kwenu hazina kijiti hicho, zina kisahani kinachozunguka pembeni ya sproketi, mnaweka gia ya 4 na kulinganisha vistari viwili vya rangi vikutane. Mengine yote ninayosema yanawahusu.

Turudi kwenye waya, maana sisi wa pwani tuna adui wetu hapa, chumvi. Upepo wa bahari unaingia kwenye kava la waya, waya unashika kutu ndani kwa ndani, nje unauona mzima. Dalili yake ni kwamba gia zinaenda vizuri upande mmoja tu. Kwenye AW unavuta gia ya 1 inakuja kwa sababu mkono wako una nguvu, ila ukirudisha 3 haifiki, kwa sababu anayerudisha ni springi ndogo ndani ya habu na haiwezi kuvuta waya uliokwama kwenye kutu. Unaishia katikati, unachomoka. Mtu anakaza ajasta, anaharibu zaidi. Chomoa waya upande wa habu, ushike kwa vidole, uvute na kurudisha huku mwenzako anazungusha kishikio cha gia. Unatakiwa uteleze laini kabisa. Ukikwaruza badilisha waya na kava lake vyote pamoja, waya mpya kwenye kava lenye kutu ni kutupa hela. Ukifunga upya paka grisi kidogo, na kava lisipite kwenye kona kali, hasa pale kwenye usukani ambapo watu wanabana kikapu juu ya kava. Kikapu kikiwa na mzigo wa ndizi kinalala juu ya kava, waya unavutwa wenyewe, gia inabadilika bila wewe kugusa. Hiyo nimeiona mara nyingi, tatizo lilikuwa kikapu.

Waya uko sawa na bado inaruka? Sikiliza inarukaje. Ikiwa inaruka gia zote tatu, na mruko wake ni mfupi tak, tak, unapotia nguvu, hiyo ni cheni na sproketi, habu haihusiki hata kidogo. Inama uangalie meno ya sproketi ya nyuma, yakiwa yamechongoka na kulalia upande mmoja imekwisha. Cheni ipime kwa futi ya fundi cherehani, upande wa inchi. Anzia katikati ya pini moja, inchi 12 kamili zinatakiwa ziishie katikati ya pini nyingine. Pini ikiwa imepita kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi badilisha cheni, ikiwa imepita zaidi mpaka sehemu moja ya nane, badilisha na sproketi. Sproketi za hizi habu zinatoka kirahisi, zimebanwa na ringi ya waya tu, unaibanjua na bisibisi bapa, vaa kitu machoni maana inaruka. Ikiwa inachomoka gia moja tu na zingine nzima, hapo rudi kwenye habu na waya.

Kuna jaribio ninalifanya kabla sijagusa spana yoyote. Baiskeli imesimama, tairi la mbele limegota ukutani, breki ya nyuma umeibana sana, unaweka pedeli ya kulia mbele kidogo na kuikandamiza kwa mkono na uzito wa mwili, gia ya 1, afu ya 2, afu ya 3, kila moja zungusha pedeli nusu duru kwanza ili vya ndani vikae. Inatakiwa ikatae kushuka. Ikishuka na kugonga ushajua ni gia ipi na hujahatarisha mguu wa mtu barabarani.

Sasa tuseme waya mpya, kistari kimekaa kati, nati zimekazwa, cheni nzima, na bado. Hapo ndo nakubali kuishuku habu, na bado sifungui. Ndani kuna vijino vinavyoshika ganda la habu, ni vile vile vilivyo ndani ya friwili, vimesimamishwa na springi nyembamba mno. Baiskeli imekaa miaka kwenye ghala huko Japani, grisi imekauka imekuwa gundi, vijino vinalala havisimami. Unakanyaga, hakuna cha kushika. Dawa ni oili. AW za zamani zina kitundu cha oili kwenye ganda chenye kifuniko, tia oili mpya ya injini namba 20 au 30, kama kijiko kimoja cha chai ikiwa ilikuwa kavu kabisa, baada ya hapo matone machache kila mwezi. Za Kijapani hazina kitundu, lakini ukichomoa belikranki na pushirodi ekseli iko wazi kama bomba, laza baiskeli upande wa kushoto, dondosha matone machache humo, zungusha tairi, iache ilale mpaka asubuhi. Usizidishe, oili ikivuja upande wa kushoto inaingia kwenye breki na utakosa breki.

Na nawaomba sana, oili chafu ya gereji hapana. Najua ni ya bure na kila fundi ana kopo lake. Ile ina vumbi la chuma na masizi, unaingiza msasa ndani ya gia. Oili ya kupikia nayo hapana, inaganda vibaya kuliko grisi ya zamani. Na kumimina mafuta ya taa ili "kuosha" kunatoa grisi ya beringi yote, wiki mbili tatu inanyamaza afu inaanza kulia.

Kama oili haikusaidia, basi gia inayochomoka inakwambia nani mgonjwa. Kwa AW, ikichomoka gia ya 1 peke yake, ni vijino vya upande wa kushoto. Ikichomoka 2 na 3 zote wakati 1 nzima, ni vijino vya kulia vilivyo kwenye ringi. Ikichomoka ya 3 tu na waya umelegea vizuri, klachi imelika kona, au pini inazozishika zimelika, au springi imechoka. Hapo fungua, juu ya kitambaa cheupe, piga picha kila hatua kwa simu, na vijino ukivikagua shika mkononi uangalie ncha, ncha ikiwa kali kama kona ya kisanduku cha kiberiti ni nzima, ikiwa ya mviringo ndo mkosaji. Kupata kipuri sio shida kubwa kama watu wanavyosema, kwa sababu zile habu zilizotupwa kwenye ndoo za mafundi ndo ghala lenyewe, moja ina vijino vizima, nyingine ina klachi nzima. Mimi nikipita vijiweni hapa Ngamiani nazinunua kwa bei ya chuma na kuziweka.

Kwenye matumizi kuna jambo moja tu, ukibadilisha gia acha kukanyaga kwa sekunde moja. Hizi unaweza kubadilisha hata umesimama kabisa kwenye taa, hiyo ndo raha yake, kwa hiyo weka gia ya 1 kabla ya kilima, usisubiri mpaka uko katikati umesimama kwenye pedeli na gunia nyuma ndo unazungusha gia. Klachi inasogezwa na kijiti, haiwezi kushindana na uzito wako wote.

Na ukienda kununua kwenye kontena, fanya lile jaribio la ukutani palepale. Ikichomoka usiikatae kwanza, inama uangalie uwazi kati ya belikranki na nati, weka gia ya 2 uangalie kistari. Ukiona kistari kimekaa pembeni kabisa au belikranki haijagota, piga bei kwa kutumia hiyo sababu, muuzaji atashusha maana na yeye anaamini habu ni mbovu, ukifika nyumbani bisibisi moja inatosha. Ila kama kila kitu kimekaa sawa na bado inagonga kwenye gia ya 2, ambayo ndo ya moja kwa moja, hiyo iache hapo hapo, nenda kwenye inayofuata.